Mjane Mwenye Tumbo la Maji

Alhamisi, 18 Januari 1996

Hospitali ya Kakamega. Tepu ya kupimia tena. Sista Agneta ameizungusha mkononi, juu ya kiwiko, akakaza, akasoma, akaandika. Akabana ngozi kwa kile kibanio chake. Akanipa chuma chenye mshale nikikamue kwa nguvu zangu zote. Nimekamua hadi meno yakauma. Mshale umesogea kidogo ukasimama. Halafu kiti. Kaa, simama, kaa, simama, bila kushika popote. Mimi mtu mzima, mwalimu, ninafundishwa kusimama.

Daktari wa utafiti ni kijana mwenye miwani, anaongea taratibu. Amenieleza tena ingawa sikuuliza. Ini langu limejaa makovu. Virusi vya homa ya ini, pengine tangu utotoni, hakuna ajuaye. Ini kama hili haliwezi kuweka akiba ya chakula, kwa hiyo mwili ukishinda na njaa unakula misuli yake wenyewe. Ndiyo maana mikono na mapaja yanaisha huku tumbo likijaa maji. Anataka kujua kama mazoezi yanaweza kuzuia hayo, au yanaumiza zaidi. Wakubwa wake wanasema mgonjwa wa ini alale. Yeye hana hakika. Kwa hiyo sisi ndio tutamtafutia hakika, huku tukitweta.

Kabla sijatoka akauliza kama kawaida. "Mwalimu, na pombe?" Sijawahi kuonja hata busaa ya arusini. Kila wiki najibu hivyo, na kila wiki anatazama haya macho yangu ya manjano kama polisi anayetazama leseni. Nimerudi nyumbani Butali nimechukia.

Jumamosi, 20 Januari

Nimetembea hadi barabara kuu na kurudi kabla jua halijawa kali. Uji na yai baadaye. Mboga bila chumvi, ambayo ni adhabu tosha.

Kisha jembe. Nimechimba mstari mmoja nyuma ya nyumba nikakaa chini. Nikachimba tena nusu mstari. Moyo ulikuwa unagonga. Lakini mwezi wa Desemba nilikuwa siwezi hata kuling'oa jembe ardhini, kwa hiyo hii ni nafuu.

Niandike wazi, maana watu wameanza kulipindua jambo hili na mimi mwenyewe nisije nikalipindua. Baba Lilian, mume wangu, alipozikwa mwaka juzi, nilikataa kurithiwa na mdogo wake, Makokha. Nilikataa mbele ya wazee, kwa sauti. Wazee wakaamua: mjane akae, lakini alime shamba lake kwa mikono yake, asiingize kibarua mwanamume bomani, na asizae nje. Siku atakaposhindwa, nyumba na shamba virudi kwa ndugu wa marehemu. Shamba la miwa walikwisha kulichukua. Limebaki hili shamba la mahindi na nyumba yenyewe, ambayo Lilian anarudi likizo akitoka shule ya bweni. Nikiipoteza, mtoto hana pa kurudi.

Daktari ana utafiti wake. Mimi ninataka mikono ya kushika jembe, basi. Mvua inakuja Machi.

Jumatano, 24 Januari

Chumba cha walimu. Mwenzangu wa darasa la nne amenisogezea kiti, akakunja sweta lake akaniwekea mgongoni. Akanong'ona kama nimeanza kliniki. Nikasema ndiyo, naenda Kakamega kila Alhamisi. Akatabasamu akasema Mungu hutoa kwa wakati wake.

Nilichukua muda kuelewa. Kliniki ya wajawazito. Ananihesabia miezi.

Nikamweleza ni ini. Akasema, "Sawa, Mwalimu," kwa ile sauti tunayowapa watoto wa darasa la kwanza wakisema kazi ya nyumbani imeliwa na ng'ombe. Nilikasirika hadi nikashindwa kusahihisha insha.

Alhamisi, 1 Februari

Hospitali. Mzee Barasa amepungua sana. Huyu ni mkulima wa mahindi kutoka Likuyani, ugonjwa wake na wangu ni mmoja. Tulichagua bahasha za kugawa makundi ya utafiti siku moja, mwaka jana. Yangu ilisema mazoezi. Yake ilisema kupumzika. Siku ile tulicheka, alisema mimi nimepewa kibarua na yeye amepewa likizo. Leo hakucheka. Suruali yake imeshikwa na kamba, na miguu ndani yake ni mifupa. Mtu aliyekuwa akibeba gunia la mahindi peke yake, amesema mwenyewe.

"Mama, nionyeshe hiyo ya kwenu," akaniambia. "Mimi nimechoka kulala."

Nikamwonyesha palepale kwenye benchi. Kuinuka bila kushika. Kunyanyua visigino. Kopo la mafuta ya kupikia lililojaa mchanga, mkono huu, kisha huu. Daktari akatukuta. Hakufoka. Alinivuta pembeni akanieleza kwamba Mzee Barasa akifanya mazoezi, hakutakuwa na watu wa kulinganisha na sisi. Bila kulinganisha hatutajua lolote, na wagonjwa watakaokuja wataendelea kulazwa hadi waishe. Nimeelewa. Ni maneno ya maana. Bado nilitamani kumpiga kofi.

Mzee Barasa ndiye aliyeomba msamaha. Alivua kofia.

Jumapili, 4 Februari

Mwenyekiti wa akina mama kanisani ameniomba nipumzike kufundisha watoto "hadi jambo lako litulie." Hakusema ni jambo gani. Wenzake walikuwa nyuma yake wanatazama leso yangu ilivyoinuka hapa mbele.

Kuna makundi mawili sasa. Kundi la kwanza linasema mimba. Kundi la pili linatazama mikono yangu na kusema ni ule ugonjwa wa kukondesha, alioniachia mume wangu. Mume wangu aligongwa na trekta la miwa, saa nne asubuhi, njia panda, watu wakiona. Nusu ya kanisa walikuwepo. Lakini mjane akikonda, hakuna anayekumbuka trekta.

Nilikaa hadi mwisho wa ibada kwa ukaidi tu.

Jumanne, 13 Februari

Makokha alinisubiri kwenye mlango wa boma nikirudi kutembea. Amevaa koti, kama mtu aliyekuja kikao. Hakunisalimu.

"Mulamwa, shemeji, kwani wewe unaendanga wapi kila asubuhi? Watu wananiuliza mimi."

Nikamwambia ni mazoezi ya hospitali. Akasema hajawahi kusikia mgonjwa anayetibiwa kwa kukimbizwa barabarani. Mgonjwa analala, watu wanakuja kumwona. Wewe unatembea mikono ikirushwa kama askari, halafu unasema ni mgonjwa. Na hilo tumbo ni la nani?

Nilisema ni la kwangu. Nikapita.

Baadaye nimelifikiria sana hilo alilosema. Nikilala kitandani na mlango wazi, wataleta sukari, wataomba, watasema pole, wataamini. Na nitaisha kama Mzee Barasa, na Makokha atachukua shamba kwa sababu siwezi kulima. Nikitembea nipate nguvu za kulima, mimi ni malaya. Nimetafuta njia ya tatu. Haipo.

Alhamisi, 15 Februari

Mkono umeongezeka. Kidogo, lakini Sista Agneta alipima mara mbili na kumwita daktari. Mshale wa chuma nao umepanda. Daktari alisahau kuuliza kuhusu pombe.

Tumbo nalo limeongezeka. Tembe za kutoa maji hazitoshi. Amesema wakiendelea kushindwa watayatoa kwa sindano.

Nilinunua ndizi nikala nikitembea. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Jumamosi, 24 Februari

Mama mkwe amekuja jikoni. Tangu mazishi haingii humu. Ni mzee sasa, lakini alikuwa mkunga miaka mingi. Lilian alizaliwa mikononi mwake, na Makokha mwenyewe watoto wake wote.

Akatandika gunia akasema lala. Nikalala. Akanipapasa. Mikono baridi, mikavu. Akabonyeza hapa, akabonyeza huku, akanigeuza ubavu, akasubiri, akagonga kwa kidole upande mmoja na kuweka kiganja upande wa pili. Alifumba macho wakati wote. Mimi nilitazama masizi ya paa na kuona aibu kana kwamba kweli nina mimba.

"Hapa hakuna mtoto," akasema. "Ni maji matupu. Pole, mwanangu."

Nililia. Kwa mara ya kwanza mwaka huu mtu wa boma hili amesema pole. Akaniinua mwenyewe. Makokha ameitisha kikao cha ukoo mwezi ujao na Mama mkwe atakuwepo. Nikamwambia, Mama, utawaambia? Akasema atakuwepo.

Nimepika obusuma, ugali wetu, na maharagwe na kula vizuri.

Alhamisi, 7 Machi

Wametoa maji. Nilikuwa sipumui vizuri tena, hata kuandika ubaoni ilikuwa vita. Wakanilaza, wakapiga ganzi, wakachoma sindano nene ubavuni, mrija ukashuka kwenye ndoo. Maji ya rangi ya chai iliyokosa maziwa. Yalitiririka asubuhi nzima. Sista Agneta alikuwa ananisimulia habari za mpwa wake ili nisitazame ndoo. Nilitazama.

Nimebakizwa wodini hadi kesho. Ninaona vidole vya miguu yangu. Nilikuwa nimevisahau.

Jumamosi, 9 Machi

Nimerudi jana jioni. Leo nimetembea hadi barabarani nikiwa mwepesi, sketi imefungwa kwa pini. Mama mmoja wa kanisa alinikuta kwenye kisima. Akaniangalia tumboni. Akaniangalia usoni. Akaweka mtungi chini, akarudi alikotoka bila maji.

Sikuelewa. Nilidhani ameshangaa kuniona nimepona. Nilimpungia mkono hata.

Jumamosi, 16 Machi

Niandike kama mambo yalivyokwenda.

Kikao kilikuwa kwa Makokha. Wazee kwenye viti, wanawake chini kwenye mikeka, mimi peke yangu katikati kwenye kigoda. Makokha akasimama. Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali la mimba. Nilikuwa na majibu yangu, na Mama mkwe alikuwa palepale, naona mgongo wake. Lakini Makokha hakuuliza mimba ni ya nani. Aliuliza mimba iko wapi.

"Wiki ile nyingine kila mtu hapa aliona tumbo. Ameenda Kakamega, amelala huko, amerudi bila tumbo. Mtuambie nyinyi wamama, hiyo inaitwanga nini?"

Wanawake walitazama mikeka.

Nikasema ni maji. Nikaeleza ini, sindano, ndoo. Nilieleza vizuri, kama ninavyoeleza darasani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyowaona wanazidi kuamini kwamba nimejipanga kudanganya. Nikasema nitamleta daktari. Makokha akacheka. Amlete aliyeitoa aje aseme hakuitoa? Wazee nao wakacheka kidogo.

Nikasema muulizeni Mama. Amenipapasa kwa mikono yake kabla sijaenda hospitali.

Wakamuuliza. Mama mkwe alikuwa anachezea nyuzi za mkeka.

"Mimi ni mzee," akasema. "Mikono yangu haijui tena."

Hayo tu. Hakuinua macho.

Uamuzi. Mwanamke aliyetoa mimba haruhusiwi kugusa jembe wala mbegu, atauharibu udongo wa ukoo mzima, mpaka atakaswe. Na mwenye haki ya kumtakasa ni ndugu wa marehemu. Yaani Makokha, kwa kulala nami na kunirithi. Yaani kule kule nilikokataa mbele ya wazee, wamenizungusha kwa njia ndefu wamenirudisha. Nikikataa, niondoke kabla shule hazijafunguliwa muhula wa pili.

Nilisimama kutoka kwenye kigoda bila kushika popote. Hakuna aliyejua ilivyo kazi.

Jumapili, 17 Machi

Sikwenda kanisani. Ninawachukia wote. Ninamchukia yeye zaidi.

Jumatano, 20 Machi

Mvua imekuja. Nimepanda.

Nilitoka shuleni, nikavaa gauni la shamba, nikachukua jembe na mbegu. Mashimo, mbegu mbili mbili, fukia. Mstari baada ya mstari, kupumzika, kunywa maji, kuendelea. Mapaja yalishika moto lakini yalinibeba. Mikono ilinibeba. Kila kopo la mchanga nililonyanyua kwenye korido ya hospitali nililipata hapa. Nilitaka daktari anione. Nilitaka Makokha anione pia, na aliniona, alikuwa amesimama kando ya miwa na mikono mfukoni.

Kama udongo wa ukoo umeharibika leo, uharibike. Nimelala na matope kwenye kucha.

Alhamisi, 28 Machi

Mzee Barasa amekufa. Alitapika damu nyumbani, Likuyani, hawakuwahi kumfikisha. Sista Agneta ndiye aliyeniambia, kwa sababu nilimuuliza mbona benchi iko wazi.

Wakubwa wa hospitali wamesimamisha mazoezi hadi wachunguze. Mazoezi, nimeuliza, ya nani? Mzee hakufanya mazoezi. Bahasha ilimpa kitanda, na kitandani ndiko alikokwisha. Daktari amesema anajua, amewaambia, lakini kifo ni kifo na wanaogopa. Alionekana hajalala. Akasema pia kwamba ile damu ingeweza kuja vyovyote vile, alale au atembee. Mishipa ya tumboni hupasuka. Hata mimi. Amenieleza kwa uaminifu na nimemshukuru, ingawa ningependa leo asingekuwa mwaminifu sana.

Nilimuuliza kama niache kutembea. Akavua miwani akafuta. "Kama daktari wa utafiti, nimeambiwa nikuambie upumzike." Hakumalizia.

Nimeelewa. Ninatembea.

Jumanne, 2 Aprili

Makokha amepitisha jembe la ng'ombe shambani kwangu nikiwa shuleni.

Nimekuta mahindi yamegeuzwa. Yalikuwa yameshatoka, majani mawili mawili. Mengine yamelala juu ya udongo na mizizi yake nje, bado ya kijani. Amepanda ya kwake juu yake. Amewaambia watu anaokoa shamba.

Sikupiga kelele. Nilienda nikakaa jikoni. Nilikuwa nimechoka kuliko siku ile ya kupanda.

Jumamosi, 13 Aprili

Lilian yuko nyumbani tangu Ijumaa iliyopita. Amerefuka. Jana alitoka kinu cha posho, akaweka unga mezani, akakaa mbele yangu. Akauliza mara moja tu, akiwa anatazama meza.

"Mama, ni kweli?"

Mtoto wangu. Nimemzaa, nimemlisha, anajua nalala na kuamka saa ngapi, na watu wa kinu wametosha kumfanya aulize. Nilimwonyesha kovu la sindano. Nikamwonyesha tumbo, ambalo limeanza kujaa tena kama walivyosema lingejaa. Akaweka mkono. Akaomba msamaha akalia, nami nikamsamehe, lakini lile swali halijatoka masikioni mwangu.

Leo Mama mkwe amekuja. Lilian alimpa kiti. Alimngoja mtoto aende kuteka maji ndipo akasema. Hakuomba msamaha. Alisema Makokha ndiye mwana wa kiume aliyembakia. Ndiye anayemlisha, ndiye atakayemzika. Mimi ni mtu wa kuja, na ni mgonjwa. "Nikikutetea wewe, mimi nitabaki na nani?"

Nilitafuta la kumjibu linaloumiza. Sikupata, kwa sababu alichosema ni kweli, na alikuwa amekisema akiwa ameshika mkongojo kwa mikono yote miwili ili asianguke. Miguu yake imeisha kuliko yangu. Nikamwambia tu kwamba tumbo linarudi, watu wataliona, watajua alisema uongo. Akasema watu watasema ni mimba nyingine.

Nadhani yuko sawa.

Alhamisi, 25 Aprili

Vipimo vya mwisho. Uchunguzi wao umekwisha, wamekubali mazoezi hayakumuua Mzee Barasa, lakini muda wa utafiti nao umeisha. Daktari alinionyesha. Sisi wa mazoezi, wengi wetu misuli imebaki, wengine imeongezeka. Wa kitandani wamepungua. Tuko wachache, amesema, haitoshi kusema kwa sauti kubwa, lakini inatosha kuuliza tena. Atayasoma matokeo Nairobi mbele ya wakubwa. Alikuwa na furaha, alijaribu kuificha akashindwa.

Ini lenyewe, nikauliza. Akasema ini liko vilevile. Mazoezi hayaponyi ini. Hayo alinieleza siku ya kwanza, nami nilisahau kwa makusudi.

"Lakini una nguvu, Mwalimu. Umepata ulichotaka, si ndiyo? Ulisema unataka kulima."

Sikumweleza. Ni kijana mzuri, na ile furaha ilikuwa yake, sikuona sababu ya kumharibia. Nikasema ndiyo, nimelima. Sista Agneta amenipa lile kopo la mchanga niende nalo.

Jumamosi, 4 Mei

Nimehama. Mwalimu mkuu amenipa chumba kwenye nyumba za walimu, chumba na nusu, paa la mabati, dirisha linatazama uwanja. Lilian ana pembe yake nyuma ya pazia. Shule zinafunguliwa wiki ijayo, atalala hapa siku chache ndipo aende bweni.

Tulianza asubuhi. Mimi na yeye, vyombo, vitabu, cherehani. Sio mbali, unapita tu kando ya miwa. Tulikwenda na kurudi. Tumbo lilikuwa zito lakini mapaja yalikuwa mazuri, na mgongo, na mikono. Nilibeba meza kichwani. Nilikuwa ninapumua kama nilivyofundishwa, sikuharakisha.

Makokha alikuja na vijana wawili na mkokoteni. Majirani walikuwa wametoka kutazama, na mwenyekiti wa akina mama alikuwepo, na Mama mkwe mlangoni kwake. Nilikuwa nimekumbatia godoro. Akawaambia wale vijana, kwa sauti, watu wasikie jinsi alivyo mwema.

"Mbebeeni. Huyu ni mgonjwa."

Watu wakatikisa vichwa, wakasema pole, pole Mama Lilian, ini si mchezo. Walisema ini. Wote walikuwa wanajua.

Nikawaambia wale vijana asante, wachukue kitanda, ni kizito. Godoro nililibeba mwenyewe. Lilian alitangulia kufungua mlango.

Sasa jioni. Tumekula viazi na maziwa. Amelala. Mvua nyepesi juu ya mabati, na mahindi ya watu yanapata maji.